Kabla hujaihama systemd: jibu kwa mwalimu ambaye kompyuta yake inachelewa kuwaka

Swali. Nafundisha somo la kompyuta sekondari. Nina kompyuta mpakato ya zamani yenye RAM ya GB 2, diski ya kuzunguka, na Debian 12 (toleo la Linux) pamoja na eneokazi la Xfce. Inachukua karibu dakika tatu kuwaka. Katikati husimama dakika moja na nusu ikiandika `A start job is running for /dev/disk/by-uuid/...` kisha inaendelea. Rafiki yangu anasema kosa ni la systemd, nihamie sysvinit. Nilijaribu kwanza kwenye mashine nyingine: ilikubali na inawaka, lakini mtumiaji wa kawaida hawezi tena kuizima kutoka kwenye menyu, na flashi ikichomekwa haifunguki. Je, kuhama kunafaa? Na kama kunafaa, nilikosea wapi?

Jibu. Mwalimu, ahsante kwa kueleza dalili zote, hata ule ujumbe wa kwenye kioo. Ujumbe huo umenirahisishia kazi. Maswali yako ni mawili na majibu yake yanatofautiana, kwa hiyo nitayatenganisha: mpakato unaochelewa, na ile mashine uliyokwisha kuihamisha.

Tuanze na mpakato. Huo usiuguse init yake kwa sasa, yaani programu ya kwanza inayoanzisha nyingine zote (kwako ni systemd; sysvinit ni ya zamani zaidi). Sekunde 90 ndizo systemd hukisubiri kifaa ilichoambiwa kipo, kabla ya kukata tamaa. Imeambiwa na nani? Karibu kila mara ni mstari mmoja ndani ya `/etc/fstab`, orodha ya sehemu za diski zinazofunguliwa mashine ikiwaka. Fungua terminali uandike:

`lsblk -f`

kisha

`cat /etc/fstab`

Linganisha UUID (utambulisho wa kila sehemu ya diski) za pande zote mbili, herufi kwa herufi. Natarajia utakuta mstari wa swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) unataja UUID ambayo haipo tena kwenye diski. Hutokea hivi: mtu anasakinisha Linux ya pili pembeni, au anagawa diski upya, na sehemu ya swap inaumbwa tena kwa `mkswap`. Ikiumbwa upya inapata UUID mpya, lakini fstab ya zamani haijui. Andika UUID sahihi, kisha `systemctl daemon-reload` na `swapon -a`. Ukiandika `free -h` uone swap imerudi. Kama mstari wenye kosa ni wa diski ya pili ambayo si lazima iwepo kila siku, ongeza neno `nofail` kwenye safu ya nne, na mashine itawaka bila kuisubiri.

Hapa rafiki yako ana sehemu ya ukweli, na ni vizuri niiseme. Ungehamia sysvinit, kule kusimama kungetoweka kweli. Skripti ya sysvinit ingejaribu kuwasha swap, ingekosa, ingeandika mstari mmoja wa malalamiko na kupita. Ungefurahi kwamba mashine imekuwa nyepesi. Lakini swap bado isingekuwepo, na mashine ya GB 2 isiyo na swap ukiifungulia kivinjari chenye kurasa kadhaa itaganda mbele ya wanafunzi wako, nawe usijue kwa nini. Init mpya ingekuwa imekuzimia kengele tu, huku kosa lenyewe likibaki palepale.

Angalia pia faili `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`. Nayo huweza kushika UUID ileile ya zamani. Dalili yake ni kusubiri zaidi mwanzoni kabisa, na maneno `Gave up waiting for suspend/resume device`. Kusubiri huko hutokea ndani ya initramfs (mfumo mdogo wa muda unaotangulia), kabla init yoyote haijaitwa. Ungeweza kubadilisha init mara tano na kuchelewa huko kusipungue hata sekunde moja. Rekebisha UUID, kisha `update-initramfs -u`.

Ukimaliza hayo, washa upya na upime kwa `systemd-analyze critical-chain`. Watu wengi hukimbilia `systemd-analyze blame`, na orodha yake hupotosha: huduma huanzishwa kwa pamoja, kwa hiyo iliyotumia sekunde 20 huenda haikumchelewesha mtu yeyote. `critical-chain` inaonyesha nani alimsubiri nani.

Kuhusu RAM, pima mwenyewe badala ya kuniamini: `ps -o rss= -p 1` inakupa kilobaiti zinazokaliwa na systemd yenyewe. Utakuta megabaiti kumi na kitu hivi. sysvinit ni ndogo zaidi, hilo halina ubishi, lakini unachookoa hakitoshi hata kufungulia ukurasa mmoja wa kivinjari. Kama kuna fedha kidogo, weka SSD ya SATA mahali pa hiyo diski ya kuzunguka. Hakuna mabadiliko ya programu yatakayoipa mashine ya umri huo kasi ya namna hiyo.

Sasa tuje kwenye kuhama kwenyewe, kwa sababu nadhani unataka kukuelewa hata kama mpakato hauhitaji.

Kerneli ya Linux ikishamaliza kujipanga, inaita programu moja tu: `/sbin/init`. Hiyo inakuwa mchakato namba 1. Kila mchakato mwingine wa kawaida kwenye mashine umezaliwa nao au na uzao wake, na mchakato ukifiwa na mzazi, namba 1 ndiye humrithi yatima. Huo ndio upeo wa kazi ya lazima ya init. Kerneli haijali ni nani anayeifanya, ndiyo maana kubadilisha ni rahisi: kwenye Debian ni suala la kifurushi kimoja, `sysvinit-core`, kuchukua kiti cha kingine, `systemd-sysv`.

Ugumu uko kwa waliozoea aliyekuwa amekaa kwenye kiti hicho. Tangu Lennart Poettering na Kay Sievers walipoianzisha systemd mwaka 2010, imekusanya kazi ambazo zamani zilikuwa za watu mbalimbali: kumbukumbu za matukio, ratiba, saa, mtandao, na usimamizi wa nani ameingia kwenye mashine. Fedora, toleo jingine la Linux, iliifanya ya kawaida mwaka 2011. Debian waligombana sana. Februari 2014 kamati yao ya ufundi ilifungana kura, na kura ya mwenyekiti ndiyo iliyoamua. Waliokataa wakajitenga na kuanzisha Devuan, yaani Debian isiyo na systemd, iliyotoa toleo lake la kwanza kamili mwaka 2017. Desemba 2019 Debian walipiga kura tena na kukubaliana kwamba systemd ndiyo njia kuu, lakini wanaotaka kushughulikia njia nyingine waachiwe nafasi. Uamuzi huo unakugusa wewe moja kwa moja: mwenye kifurushi cha Debian leo halazimiki kukuandalia skripti ya sysvinit.

Ndiyo maana siku hizi kuna kifurushi kinachoitwa `orphan-sysvinit-scripts`. Ni nyumba ya skripti yatima, zile ambazo wenye vifurushi wamezitoa na watu wengine wakazichukua kuzilea. Ukihama bila kukiweka, baadhi ya huduma zako hazitaanza, na hakuna atakayekuambia.

Usianze kuhama kabla ya kuandika orodha ya unavyotegemea. Kwenye mashine ingali na systemd:

`systemctl list-unit-files --state=enabled > /root/huduma.txt`

`systemctl list-timers --all > /root/ratiba.txt`

`journalctl > /root/matukio.txt`

Faili ya kwanza utailinganisha na yaliyomo ndani ya `/etc/init.d`. Kila jina lililo kwenye faili na halimo kwenye folda ni swali unalopaswa kulijibu kabla, wala si baada. Faili ya pili ni ya kazi za ratiba. Vifurushi vingi vya Debian vina njia mbili, systemd na cron (mpanga ratiba wa zamani), na ile ya cron hujinyamazisha ikiona systemd inaendesha mashine, kwa hiyo ukihama inaamka yenyewe. Lakini si zote. Kwa mfano `fstrim.timer`, inayosaidia SSD kujua nafasi zilizo wazi: kama ulikuwa unaitegemea, jiandikie faili fupi ndani ya `/etc/cron.weekly`. Faili ya tatu ni kwa sababu kumbukumbu za journald (mwandishi wa matukio wa systemd) haziko katika maandishi ya kawaida. Ukishaiondoa systemd, chombo cha kuzisomea nacho kinaondoka.

Na kwenye Debian 12 kuna shimo ambalo wengi hutumbukia: `rsyslog`, mwandishi wa kumbukumbu wa zamani, haisakinishwi tena kwa kawaida, kwa kuwa journald iliachiwa kazi. Ukihama bila kuiweka, utakuwa na mashine isiyoandika kumbukumbu za mfumo popote. Siku ikiharibika, utafungua `/var/log` na kukuta kimya.

Mtandao nao unataka uangalifu wa pekee. Niliwahi kuhamisha seva iliyokuwa mji mwingine, nikiwa nimekaa nyumbani kwangu. Kila kifurushi kilikaa vizuri, seva ikawaka vizuri, na sikuipata tena kwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali. Anwani yake ilikuwa imewekwa kupitia `systemd-networkd`, na mimi nilikuwa nimezoea seva zinazotumia `/etc/network/interfaces`, sikuangalia. Hakuna kilichobaki pale cha kuinua kadi ya mtandao. Watu wa ofisi ile walikaa bila mafaili yao siku nzima hadi nilipofika kwa basi. Tangu hapo sihamishi init ya mashine ambayo siwezi kuigusa kibodi, au angalau kuifikia kwa konsoli isiyotegemea mtandao wake wenyewe.

Hatua zenyewe, kwa seva isiyo na eneokazi kama Xfce au GNOME, ni chache. Fanya jaribio kwanza, lisilogusa kitu, kwa apt (kisakinishi cha vifurushi cha Debian):

`apt -s install sysvinit-core orphan-sysvinit-scripts rsyslog cron`

Soma orodha ya vitakavyoondolewa. `systemd-sysv` lazima iwemo, kwa kuwa ndiye anayepisha, na `libpam-systemd` huifuata. Ukiona apt inataka kuondoa vitu usivyovitarajia, simama hapo. Orodha ikikuridhisha, rudia amri bila `-s`. Halafu hakikisha `/etc/inittab` ipo. Kama haipo, nakili mfano ulioko `/usr/share/sysvinit/inittab`. Bila faili hiyo sysvinit haijui ianze na nini.

Kuwasha upya mara ya kwanza kuna mtego wake. Wakati huo namba 1 aliye hai bado ni systemd, ila amri ya `reboot` iliyoko kwenye diski tayari ni ya sysvinit. Ili wasipishane lugha, tumia `systemctl reboot`. Mashine ikirudi, `cat /proc/1/comm` ikuandikie `init`.

Na njia ya kurudi? Usikimbilie kufuta kifurushi cha `systemd` siku hiyohiyo, hata kama umefurahi. Kikiwa bado kipo kwenye diski, mashine ikigoma kuwaka unabonyeza `e` kwenye menyu ya GRUB (ile inayotokea mashine ikianza kuwaka), unaongeza mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`

`init=/lib/systemd/systemd`

kisha Ctrl na X, na mashine inawaka kwa init ya zamani kwa mara hiyo moja. Mimi hukiacha wiki mbili nzima, nikihakikisha zamu zote za cron zimepita na mashine imewashwa upya mara kadhaa. Baada ya hapo ndipo `apt purge systemd`, na faili ndani ya `/etc/apt/preferences.d` yenye mistari hii mitatu ili sasisho fulani lisiirudishe kimyakimya:

`Package: systemd-sysv`
`Pin: release *`
`Pin-Priority: -1`

Jambo jingine la kujua kabla hujaihama seva: systemd ikiambiwa `Restart=always`, huduma ikianguka inaiinua. Skripti za `/etc/init.d` hazifanyi hivyo. Zikishaanzisha huduma zimemaliza. Huduma ikifa saa nane usiku, itabaki imekufa mpaka mtu aamke. Kwa anayetaka kuondoka systemd lakini hataki kulala na wasiwasi huo, runit ni chaguo bora kuliko sysvinit, kwa sababu kulinda huduma ndiyo kazi yake ya msingi.

Sasa mashine yako ya pili, ile isiyozimika. Hukukosea amri. Ulikosa mtu mmoja katikati.

Mtumiaji anapobofya Zima kwenye Xfce, hana mamlaka ya kuzima mashine. Mamlaka hayo ni ya root. Xfce inapeleka ombi, na ombi hilo hukaguliwa na polkit, mlinzi wa ruhusa kwenye mashine. Polkit inauliza swali la busara sana: huyu anayeomba amekaa mbele ya mashine, au ameingia kwa mbali kupitia SSH? Aliyekaa mbele ya kioo anaruhusiwa kuizima na kufungua flashi aliyoichomeka kwa mkono wake. Aliye mbali haruhusiwi bila nenosiri la msimamizi. Anayejua jibu la swali hilo ni logind, ambaye ni sehemu ya systemd. Ulipoiondoa systemd, polkit ilibaki inauliza bila wa kumjibu, na polkit isipojibiwa inakataa. Udisks, inayofungua flashi, inapitia mlango huohuo. Ndiyo maana vimekufa pamoja.

Mrithi wa logind yupo: anaitwa elogind, ni logind aliyetolewa ndani ya systemd akafundishwa kuishi peke yake. Jaribu:

`apt -s install elogind libpam-elogind dbus-x11`

Soma tena orodha ya vitakavyoondolewa, na hapa kwa makini kuliko mwanzo, kwa kuwa elogind huja na maktaba zake na apt huweza kudhani kwamba nusu ya eneokazi lako inapaswa kuondoka. Ikiwa orodha ni fupi, endelea, washa upya, ingia kwa akaunti ya kawaida na uandike `loginctl`. Ukiona jina lako likiwa na `seat0` pembeni, menyu ya kuzima na flashi vitarudi bila kufanya kitu kingine. `dbus-x11` nimeiweka kwa sababu njia ya kawaida ya Debian ya kumwanzishia mtumiaji D-Bus (njia ya programu kuwasiliana) hutegemea systemd ya mtumiaji, ambayo sasa haipo. Kama sauti ya mashine hiyo inapita kwenye PipeWire, nayo huanzishwa na systemd hiyohiyo, kwa hiyo utalazimika kuiongeza mwenyewe kwenye orodha ya programu zinazoanza pamoja na Xfce.

Ikiwa orodha ni ndefu, usipambane. Kwa mashine yenye eneokazi mimi sishauri tena kuibadilisha Debian ikiwa imesimama. Pakua Devuan Daedalus, iliyojengwa juu ya Debian 12, uisakinishe upya: waandaaji wake wamekwisha kuoanisha elogind, polkit na Xfce, na unachagua sysvinit, OpenRC au runit. Kwa mashine kongwe kabisa, antiX nayo haina systemd na ilitengenezwa kwa ajili ya vifaa vya namna hiyo. GNOME ni habari nyingine. Inazidi kuegemea systemd mwaka hadi mwaka, kwa hiyo anayeitaka GNOME abaki nayo.

Kuna sababu nzuri za kuhama, na kwa mwalimu naiona moja yenye uzito. sysvinit inasomeka. Unaweza kuwaonyesha wanafunzi `/etc/rc2.d`, wakaona viungo vinavyoanza na S vikifuatana kwa namba, wakafungua skripti moja na kuielewa ndani ya kipindi kimoja, wakabadilisha mstari na kuona kilichotokea. Kwa kuwafundisha jinsi kompyuta inavyoamka, sijaona kitu bora zaidi. Ningeifanya hiyo mashine ya pili kuwa ya somo hilo, na mpakato ningeuacha na systemd, kwa kuwa ndiyo watakayoikuta wakienda kuajiriwa.

Ukitaka kuirudisha mashine ya pili ilivyokuwa: futa kwanza faili ya `/etc/apt/preferences.d` kama uliiweka, la sivyo apt itakukatalia. Kisha `apt install systemd-sysv libpam-systemd dbus-user-session`, washa upya, na `cat /proc/1/comm` iseme `systemd`. Na mpakato, ukishasahihisha UUID, kama bado unazidi dakika moja kuwaka, nitumie matokeo ya `systemd-analyze critical-chain` pamoja na `lsblk -f`, tutazame ni nani anayesubiriwa.